Sauti ya Mahali

Kila mwaka, wiki ya tatu ya muhula, nalazimika kuwawekea wanafunzi wapya habari ile. Sikuipanga mimi. Mkuu wa Idara aliiingiza kwenye mtaala kwa kalamu yake mwenyewe, akaipigia mstari, na pembeni akaandika "mfano bora." Basi nashusha pazia lenye tundu, nazima taa, na kwenye spika mbili za ukutani inaanza sauti ya mwanamke anayehesabu mashuka.

"Moja, mbili, tatu, nne, mkono. Sita, saba, nane, tisa, mikono." Halafu kofi moja juu ya rundo: pa!

Hapo wanafunzi hucheka. Si kwa dharau, wanafurahi tu, na baada ya dakika nane taa ikiwashwa wanapiga makofi. Mimi wakati huo huwa nimeinama nyuma ya meza, najifanya natafuta waya.

Mwaka huu binti mmoja mwenye miwani, wa mstari wa mbele, alinyoosha mkono. "Mwalimu, huyu mama yuko wapi sasa hivi?"

Mwaka wa tatu huu naiweka, na hakuna aliyewahi kuuliza. Tena ni swali ninalowafundisha mimi mwenyewe: habari haiishi siku inapotoka, rudi umuulize mtu wako yuko wapi. Nikamtazama yule binti, nikamjibu, "Amestaafu." Akaandika. Darasa zima likaandika. Uongo mtupu, na waliuandika kwa hati nzuri.

Somo lenyewe kwenye ratiba linaitwa Usimulizi wa Habari kwa Medianuwai. Wanafunzi wanaliita Picha na Kelele, na sioni kosa lao. Mimi nimetokea redioni, miaka ishirini na miwili ya kukimbizana na kinasa sauti, mpaka kituo kilipoamua kwamba muziki unawatosha wasikilizaji. Chuo kikaniokota. Wanafunzi wakanipachika jina Sikio. Hawaniiti usoni, lakini nasikia. Ndiyo maana wakanipa jina hilo.

Nilikuwa naanza kila muhula kwa kuwafumbisha macho dakika nzima. "Mmesikia nini?" "Hakuna kitu, Mwalimu." "Rudieni." Mara ya tatu ndipo wanaanza kusikia: skrubu iliyolegea kwenye feni, katibu wa chumba cha pili akigonga mihuri, mwenzao anayemeza mate kwa sababu hajala. Baada ya hapo nawatuma wakapige picha tano za kazi moja: mikono, uso, mikono na uso pamoja, mtu na mahali pake, na ya tano ile ambayo hukuitarajia. Walinzi wa getini walipigwa picha wakifungua geti mpaka wakachoka, ila mmoja, huyo kila Jumanne alikuja na shati lililopigwa pasi.

Na nilikuwa na kanuni. Niliisema polepole kama imla, kila mtu aiandike: "Sauti ya mtu unaweza kuificha ukilazimika. Sauti ya mahali haiguswi. Ukiigusa umedanganya." Naomba uikumbuke kanuni hiyo. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na mimi jembe langu lilikuwa hilo.

Mwaka ninaousimulia nilikuwa na mwanafunzi tuliyemwita Daftari. Wenzake wote waliandika kwenye simu. Yeye alikuja na daftari la mistari, kalamu imechomekwa kwenye nywele. Hakuwa msemaji. Lakini zoezi la kufumba macho, yeye peke yake alisikia mara ya kwanza. Aliandika: "Kuna mtu anaburuta kiti juu, mguu mmoja wa kiti hauna mpira." Tulipanda ghorofani kuhakikisha. Mguu haukuwa na mpira.

Kwa kazi yake ya mwisho wa muhula alitaka kusimulia habari ya watu wanaofua mashuka ya hospitali. Alikuwa amesikia kwamba wanafua mikono mitupu na kwamba sindano husahaulika ndani ya mashuka. Alikwenda hospitali mara tatu, na mara tatu akarudishwa getini. Akaja ofisini kwangu, akakaa, akafungua daftari kwenye ukurasa mweupe.

"Sina mtu, Mwalimu. Wote wanaogopa."

Nikamwambia, "Mimi ninaye."

Nilikuwa naye kweli. Dada yangu mkubwa alikuwa amefua mashuka ya hospitali hiyo kwa miaka kumi na tisa.

Huyu dada ndiye aliyenilea. Mama alilala kitandani miaka mitatu kabla hajatutoka, na Dada, akiwa na miaka kumi na mitatu, aliacha shule akaanza kufua nguo za watu. Alinibeba mgongoni mpaka kwenye nyua zao, akanikalisha juu ya ndoo iliyopinduliwa, akanipa kazi ya kuhesabu mashuka ili nisilie. Mimi tano ilikuwa hainikai kichwani. Nilitoka nne nikarukia sita, kila siku, mashuka yakazidi kwa hesabu, ugomvi ukazuka na wenye mashuka. Siku moja Dada akanifungua kiganja na kunikunja kidole kimoja kimoja. "Vidole vikiisha, sema mkono. Vya pili vikiisha, sema mikono." Kwenye kumi akapiga kofi juu ya rundo ili nisipotee. Nikaacha kupotea. Nilikua, nikasoma, nikaenda redioni, na yeye akaendelea kuhesabu vilevile.

Tulimkuta nyumbani kwake siku ya mapumziko yake, mimi na Daftari. Alitukaribisha, akamwita Daftari "mwanangu," akanipa mimi kiti kibovu kwa sababu mimi ni wa nyumbani. Nilipomweleza tunachotaka alituambia habari ya mwenzake mmoja, msichana mwenye mimba ya miezi mitano, aliyechomwa na sindano ndani ya shuka wiki mbili nyuma. Msimamizi alimwambia uzembe ni wake, mashuka hukunjuliwa kwa uangalifu.

"Glavu naomba tangu huyu mtoto ananyonya," Dada alisema, akimnyooshea Daftari kidole. "Wananijibu zinakuja. Labda zinakuja kwa miguu."

Daftari alicheka. Dada hakucheka.

"Nitasema," akasema. "Lakini mimi nisiwepo. Mnanielewa? Maneno yawepo, mimi nisiwepo. Nimebakiza miezi kumi na sita nistaafu. Nikifukuzwa leo natoka na povu mkononi, kiinua mgongo nakisikia kwa jirani." Akanigeukia. "Na ni ya darasani tu, mdogo wangu?"

"Ya darasani tu, Dada."

Nilisema hivyo na nilimaanisha. Siku hiyo nilimaanisha.

Kazi ya kumficha niliifanya kwa fahari. Niliandika kwenye ubao wa chumba cha uhariri vitu saba vya kuficha: jina, uso, sauti, umri, miaka ya kazi, nyumba na mikono. Ndiyo, mikono, kwa sababu Dada ana kovu la mvuke kwenye kifundo. Daftari alipiga picha za mashuka tu, marundo na marundo, na moja ya ndoo iliyopinduliwa. Sauti ya mahojiano tuliishusha kwa kompyuta mpaka ikawa nzito kama ya mzee mwenye kifua. Jina akapewa lisilo lake. Kila tulipomaliza kimoja nilikipiga alama ya chaki. Nilijiona bingwa.

Kilichokosekana ni sauti ya chumba cha kufulia. Hospitali haikuruhusu kinasa sauti ndani, achilia mbali mwanafunzi. Hapo ndipo mimi, mtu mzima na mvi zangu, nilipochukua kinasa sauti changu cha zamani, kidogo kama kiberiti, nikampelekea Dada. "Bonyeza hapa pekundu, kiache mfukoni mwa aproni, kisahau." Alikigeuzageuza akanitania kwamba redio imenifukuza lakini mimi redio sijaifukuza. Kesho yake alikibonyeza, akakisahau kweli. Kilirekodi dakika arobaini na tatu.

Nilivaa hedifoni nikasikiliza peke yangu kabla ya Daftari. Mashine zilinguruma, maji yalipita kwenye mfereji, toroli lenye gurudumu bovu lilikuja na kuondoka. Kisha ikaja: "Moja, mbili, tatu, nne, mkono." Nililia. Sioni haya kusema, nililia kama mtoto, nikaona ndoo, nikaona ua wa watu, nikaona kiganja changu kidogo ndani ya chake. Nikajisemea hii ndiyo inafungua habari.

Daftari naye alisikiliza. Akavua hedifoni, akachomoa kalamu kwenye nywele, akairudisha.

"Mwalimu, na hii ya kuhesabu niishushe kama ile ya mahojiano?"

"Hapo hahojiwi mtu," nikamwambia. "Hayo ni mashuka yanahesabiwa. Ni sauti ya mahali."

"Lakini ni sauti ya Mama."

"Ukiishusha hiyo unaua habari. Chumba kizima kitasikika kama kipo chini ya maji. Kanuni unaijua."

"Naijua, Mwalimu. Basi tuitoe kabisa?"

Nilimkatalia kwa ukali, na ukali huo naukumbuka mpaka leo kwa sababu ulikuwa wa mtu anayenyang'anywa kitu chake. Nilimwambia kwamba mwandishi mwoga akauze vitunguu. Aliinamisha kichwa, akaandika kitu kwenye daftari, akaiweka ile sauti mwanzoni kabisa kama nilivyotaka. Vitu saba tulivificha. Dada yangu mwenyewe nilimhesabu upande wa mashine.

Siku ya maonyesho ya kazi za wanafunzi ukumbi ulijaa. Walikuja wenye magazeti, walikuja wenye mashirika, akaja mgeni rasmi na watu wake wawili wa kumshikia simu. Kazi ya Daftari iliwekwa ya mwisho. Ilipoanza kuhesabu, watu walitabasamu. Picha ya ndoo ilipokuja walinyamaza. Lile lizee letu la kompyuta liliposema habari ya msichana mwenye mimba, mama mmoja nyuma yangu alisema "Mungu wangu" kwa sauti. Mwishoni walisimama. Mgeni rasmi alinishika mkono akautikisa mpaka bega likauma. Kichwa kilinivimba, ningejua ningekitumbua hapohapo.

Mkuu wa Idara alinivuta pembeni, kajaa jasho la furaha.

"Mwalimu, hii tunaiweka kwenye ukurasa wa chuo mtandaoni leoleo. Chuma kiko motoni."

"Mhusika alikubali ya darasani tu, Mkuu."

"Mhusika gani? Si umemficha? Haonekani, hasikiki, hajulikani. Au humwamini mwanafunzi wako?"

Nilikuwa na simu mfukoni. Kumpigia Dada kungenichukua muda mfupi kuliko huu wa kukueleza. Lakini watu walikuwa wanapita wananipigapiga mgongoni, wananiita jina langu halisi, si Sikio, na kwa miaka mingi hakuna aliyekuwa ameniita hivyo kwa sauti ya heshima. Nikakumbuka vile vitu saba ubaoni, vyote vimepigwa chaki.

"Iweke," nikasema.

Siku ya tatu asubuhi Daftari alinikuta mlangoni pa ofisi. Hakunisalimia. Alininyooshea simu. Chini ya habari yetu kulikuwa na maoni mengi, watu wanasifu, watu wanalaani, na katikati yao mtu mmoja, nadhani muuguzi, alikuwa ameandika kwa mapenzi kabisa, na vikatuni vitatu vya kucheka: "Jamani, anahesabu 'mkono'! Huyu si Mama Mikono wetu wa kufulia? Tunakupenda mama!"

Wenzake wengi walikuwa wameshakubaliana naye.

Mama Mikono. Sikuwa nalijua jina hilo. Mimi nilidhani kule kuhesabu ni siri ya nyumbani kwetu, ya watu wawili na ndoo. Kumbe hospitali nzima ilikuwa inajua. Wauguzi walikuwa wanapita mlangoni kwake kila asubuhi wanamwitikia "mikono!" na yeye anapiga kofi. Kila kitu chake nilikijua kasoro maisha yake ya kazini, ya miaka kumi na tisa, ambayo sikuwahi hata siku moja kumuuliza. Mtu anayeitwa Sikio. Sikio la kufa halisikii dawa, na mimi dawa nilikuwa nimeletewa na mtoto wa watu mwenye kalamu kichwani, nikamtukana.

Tuliiondoa ile habari. Maji yakimwagika hayazoleki. Ilikuwa imeshakwenda simu kwa simu. Mchana huo Dada aliitwa kwa msimamizi.

Haya yaliyotokea huko nilisimuliwa na yeye mwenyewe baadaye, kwa maneno machache. Msimamizi aliweka simu mezani, akabonyeza, chumba kikajaa kuhesabu. Akauliza, "Huyu ni nani?" Ndani ya chumba walikuwa wamesimamishwa watu wote kumi na wawili wa kufulia, na yule msichana mwenye mimba alikuwa amejibanza ukutani, kwa sababu habari ni yake na kila mtu alidhani msemaji ni yeye. Dada angeweza kukana. Lile lizee la kwenye mahojiano hakuna ambaye angelithibitisha. Lakini akikana, aliyefuata kuulizwa alikuwa yule msichana.

"Ni mimi," akasema. "Kuhesabu ni mimi na kusema ni mimi."

Wakamfukuza kwa kosa la kuingiza kinasa sauti mahali pa wagonjwa. Kinasa sauti changu.

Baada ya miezi miwili glavu zilifika. Nyekundu, za mpira mzito, mpaka kwenye kiwiko. Gazeti moja lilizipiga picha. Mkuu wa Idara alikuja ofisini kwangu mbio na gazeti mkononi, akasema hii sasa ndiyo inaitwa matokeo, tuiandike kwenye ripoti ya mwaka: kazi ya mwanafunzi wetu imebadilisha maisha ya wafanyakazi kumi na mmoja.

"Walikuwa kumi na wawili," nikamwambia.

Alidhani nimekosea hesabu. Akaandika kumi na mmoja. Habari ikarudishwa kwenye ukurasa, ikaingia kwenye mtaala, na mimi sikupinga. Hapo nataka nieleweke: sikufungwa mdomo na mtu. Mkataba wangu ulikuwa unakaribia kuangaliwa upya, nikanyamaza, basi.

Daftari hakumaliza mwaka. Aliniletea daftari lake, akaliacha mezani, akaondoka bila kelele. Nilifungua ukurasa wa siku ile ya uhariri. Alikuwa ameandika: "Mwalimu anasema ni sauti ya mahali. Mimi nasikia mtu." Chini yake tarehe. Hakuna tusi, hakuna lawama. Afadhali angenitukana.

Kwa Dada nilikwenda siku ya tisa tangu afukuzwe. Siku nane nilikuwa na sababu, kila siku na yake: mitihani, kichwa, mvua, aibu. Nilimkuta uani. Hakuniinukia.

"Mtoto wa watu alikuja siku ya pili," aliniambia. "Alipiga magoti hapo ulipokanyaga, nikamwinua. Wewe damu yangu umekuja ya tisa."

"Nisamehe, Dada."

"Nimeshakusamehe. Kaa." Akanipa kiti. Kilikuwa kile kizuri, cha wageni. Nikaelewa.

Tangu hapo naenda kila Jumamosi. Sasa anafua mashuka ya nyumba moja ya wageni, uani kwake, kama alivyoanza akiwa na miaka kumi na mitatu, ila mgongo si ule. Haninunii. Ananiuliza habari za kazi, ananipikia chai, anaitikia salamu zangu zote. Ni adabu tupu, hakuna utani ndani yake. Mtu aliyekuwa ananiita mkia wa mbuzi kwa mapenzi sasa ananiita Mwalimu.

Jumamosi hii nilikwenda nikiwa na lile swali la binti mwenye miwani limenikaa kichwani. Mashuka yalikuwa yamekauka kwenye kamba. Nikashika ncha mbili, yeye akashika mbili, tukaanza kukunja kama zamani: kuvuta, kukutana katikati, yeye anapokea, mimi nachukua jingine.

"Mwanafunzi kaniuliza uko wapi," nikasema.

"Ukamjibu nini?"

"Kwamba umestaafu."

Dada alicheka. Ni mara ya kwanza nimemsikia akicheka tangu yale mambo, na sikukipenda kicheko hicho. "Basi nimestaafu," akasema. "Vuta vizuri, unalikunja upande."

Tukaendelea kukunja. Hapo ndipo nilipogundua kitu ambacho sikio la mtu yeyote lingekigundua siku ya kwanza, na mimi imenichukua miaka mitatu: hahesabu tena kwa sauti. Midomo inacheza, sauti haitoki. Mashuka yanapanda juu ya rundo, linafika la kumi, na kofi halipigwi.

Nikaona nihesabu mimi. Sijui nilitaka nini. Nadhani nilitaka anipige kikumbo anicheke, aseme mkia wa mbuzi bado hujui tano, turudi mahali fulani.

"Moja," nikasema. Tukakunja. "Mbili." Tukakunja. "Tatu. Nne." Likaja linalofuata, nikalivuta, nikamwangalia usoni. "Mkono."

Mikono yake ilisimama. Shuka likaning'inia katikati yetu.

"Tano," Dada akasema.

"Dada..."

"Ni tano, Mwalimu. Sema kama watu wengine wanavyosema. Hujui nani anarekodi."

Hakusema kwa hasira. Alitupia jicho mfuko wa shati langu, penye simu, haraka tu, kisha akaangalia pembeni kama aliyeona haya kwa niaba yangu. Nikaitoa simu, nikaiweka juu ya kiti, mbali. Hakusema asante wala hakusema iache.

Mashuka yalikuwa thelathini na mawili. Nilihesabu peke yangu mpaka mwisho, na kila nilipofika pale nilisema tano, sikuisahau hata mara moja.